Shimo la Futi Nane

Ukitaka kumkasirisha Musau wa Gatuanyaga, mwambie kuchimba kisima ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Atakuangalia kutoka kichwani hadi kwa viatu, halafu akuulize kama wewe umewahi kukaa futi themanini chini ya ardhi, ndoo ya mawe inaning'inia juu ya utosi wako, na anayeshika kamba ya hiyo ndoo ni mtu mliyegombana naye asubuhi juu ya chapati. Kazi ya kisima ni ya watu wawili, atakwambia. Aliye chini amempa aliye juu uhai wake aushike. Musau alikuwa akiyasema haya kwa maringo, mahali popote palipo na watu na chai, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu. Siku hizi hasemi, na ukimwambia hiyo ya mtu aliyekosa kazi, anaitikia tu.

Aliyemfundisha kazi ni Muoki, kaka mkubwa wa mkewe Ndila. Wakati Musau anamwoa Ndila, hakuwa na shughuli ya kueleweka. Aliacha shule darasa la nane, akachuma kahawa ya watu, akapalilia mananasi, kisha akauza maji kwa mkokoteni wa punda hadi punda akafa na mkokoteni ukauzwa kuni. Muoki alimtazama huyu shemeji aliyeletewa nyumbani, akasikitika waziwazi. Alimwambia, "Una mikono mirefu na mdomo mrefu. Mdomo sina kazi nao. Mikono ilete kesho." Mikono ililetwa, na mdomo nao ukafuata, maana huwezi kuita kimoja ukaacha kingine. Miaka kumi na mitano wakachimba pamoja, kutoka Gatuanyaga hadi kule chini Ukambani, na watu wakazoea kuwaona kwa pikipiki moja, Muoki mbele amenyamaza, Musau nyuma akimpigia kelele masikioni.

Muoki hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa habari ya shimo alihubiri kama yuko krusedi. Hashuki mtu bila kamba kiunoni, hata kama ni shimo la choo lililoanza jana. Mshumaa unashuka na wewe, unawekwa usawa wa magoti, na ukizimika hakuna kuuliza ni upepo au ni nini, unapanda. Halafu kulikuwa na ile aliyoirudia kila mara, mpaka Musau akawa anaimalizia kwa kumkejeli: aliye juu hashuki. Mwenzako akianguka chini, vuta kamba, piga nduru, lia, omba Mungu, lakini usishuke, kwa sababu ile hewa iliyomwangusha haijaenda mahali, bado iko pale, na nafasi yako ipo.

Watu walimcheka sana kwa ajili ya hiyo kamba. Siku moja kanisa lilimwomba aingie kwenye tangi la plastiki kulisafisha, tangi la kimo cha mtu, na Muoki akajifunga kamba kiunoni, akampa shemasi mmoja ashike ncha. Akina mama wa kwaya walicheka hadi wakakaa chini. Muoki aliwaacha wacheke, akasugua tangi lake, akatoka. Mama yake, Mwongeli, ambaye waliishi wawili tu tangu mke wa Muoki alipoondoka, alisema wacha wacheke, yeye ana mtoto mmoja wa kiume na anajua anarudi jioni.

Sasa, visima vya mkono vilianza kwisha. Walikuja watu na mashine za borehole zilizobebwa kwa lori, zikawa zinatoboa kwa siku mbili kile ambacho Musau na Muoki walitoboa kwa miezi miwili. Wakahamia mashimo ya vyoo. Kule Mwihoko, nyumba za kupangisha zinaota kila uchao, na kila nyumba inataka shimo, na wakachimba mashimo ya watu ambao hawakuwajua hata majina. Kufikia mwezi wa pili hata kazi hizo zilikauka. Walikaa wiki sita bila kuitwa, Cindy, binti ya Musau, akarudishwa nyumbani na shule mara mbili, na Ndila akaanza kupika bila kusema anapika nini.

Ndipo akapiga simu mtu anaitwa Gerishon. Huyu Gerishon alikuwa msimamizi wa yadi moja kule viwandani Thika, mkaaji wa Kamenu, mtu mzima wa kanisa, mwenye kalamu mfukoni na sauti ya upole. Yadi yao hupaka vyuma zinki ili visishike kutu: mageti, nguzo, mabomba. Lakini kabla chuma hakijapakwa, lazima kutu ya zamani itoke, na inatolewa kwa kukitumbukiza kwenye tangi la asidi. Asidi ikishachoka kwa kula kutu, haiwezi kumwagwa hivyo hivyo mtaroni, maana bado ina makali. Inapitishwa kwanza kwenye shimo lililojazwa mawe ya chokaa. Inayala mawe, mawe yanaimaliza nguvu, na kinachotoka upande wa pili ni maji ya kawaida, au karibu. Shida ni kwamba baada ya muda mawe yale hufunikwa na tope jekundu la kutu, likakauka juu yao kama ugali ulioganda kwenye sufuria, na asidi ikawa haiyafikii tena. Sasa yalitakiwa kutolewa yote, mapya yawekwe. Walikuwa wamefunga asidi wiki nzima ili shimo likauke. Gerishon alitaka watu wanaojua mashimo.

Walifika asubuhi, wakaegesha pikipiki nje ya geti, vifaa vikiwa vimefungwa nyuma. Getini kulikuwa na beseni la plastiki juu ya meza. Gerishon aliwasalimia vizuri, akawaambia, "Wazee wangu, kama kuna laita, kiberiti, sigara, weka hapa. Mtachukua mkitoka."

Muoki alitoa kiberiti. Halafu akatoa mshumaa, lakini huo hakuuweka. "Huu ni wa kazi," alisema.

"Hapana, mzee. Hapa moto hauingii hata wa kanisani." Gerishon alionyesha mabati ya banda kubwa la matangi. "Chuma kikiwa ndani ya asidi kinatoa mapovu. Ile hewa ya hayo mapovu inashika moto vibaya sana. Mwaka juzi fundi mmoja wa welding aliwasha kwa mlango tu, akachomeka uso na mikono. Mimi ndiye nilimpeleka hospitali. Kwa hivyo siwezi, hata uwe nani."

"Basi hewa ya shimoni nitaijuaje?"

"Shimo lenyewe ni futi nane, mzee. Liko wazi juu, upepo unaingia. Hiyo si kisima."

Muoki alisimama pale na mshumaa mkononi. Alimgeukia Musau, kama kawaida yake akitaka kusikia mwenzake anasemaje. Na Musau aliwaza wiki sita, akamwaza Cindy amekaa nyumbani na yunifomu. "Shem," alisema, "tuko kwa kazi ya watu. Sheria ni yao." Mshumaa ukaingia kwenye beseni.

Nataka uelewe kwamba Gerishon hakuwa mtu mbaya, wala sheria yake haikuwa ya uongo. Hilo ndilo linaniudhi mimi katika habari hii yote. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mshenzi.

Shimo lilikuwa nyuma kabisa, mbali na banda la matangi, limejengwa kwa simiti, ngazi ya mbao imeegemezwa ndani. Vijana watatu wa yadi walikuwa wamesimama hapo wakingoja kubeba mawe, mmoja wao Kahiga, kijana mpana wa mabega aliyependa kucheka. Yadi iliwapa buti na glavu, na chuma kirefu chenye ndoano cha kupandishia ndoo. Muoki alichungulia chini, akanusa, akajishika kiunoni.

"Ngoja nirudi nje," alisema. "Kamba imebaki kwa pikipiki."

Hapo sasa ndipo mdomo wa Musau ulipofanya kazi yake. "Shem! Futi nane? Nikipanda mabegani mwako naona Nairobi! Unataka nikufunge kama mbuzi wa Krismasi?"

Vijana walipasuka kicheko. Kahiga aliinama akashika magoti. Na Musau, akiona amechekesha, akaongeza kwamba huyu mzee hata akipanda kitandani hujifunga kamba asianguke. Muoki alicheka pia. Alikuwa na kicheko cha aibu, cha kuangalia chini. Alijipapasa kiuno mara moja tena, akasema, "Haya, haya, mmeshinda," akashuka ngazi.

Kwa karibu saa moja mambo yalienda vizuri. Lile tope jekundu lilikuwa gumu, Muoki akalivunja kwa sururu, akajaza ndoo, Musau akazipandisha kwa ndoano, vijana wakabeba. Halafu sururu ikafika chini ya tope. Kule chini mawe yalikuwa bado mazima, na katikati yao kulikuwa na asidi iliyokaa miezi imefungiwa, haikuweza kuyala kwa sababu ya lile ganda. Kila pigo la Muoki lilivunja jiwe likaonyesha weupe wake wa ndani, na ile asidi ikakimbilia weupe huo.

"Shem, njoo uone!" aliita Muoki. "Mawe yanachemka kama soda!"

Musau alichungulia. Povu jeupe lilikuwa limezunguka buti za Muoki, likifanya sauti ndogo ya kuchirizika. Muoki aliinama kulitazama karibu, akanyanyuka haraka akijisugua pua.

"Inachoma pua. Kama soda imekupitia vibaya."

"Panda basi upumzike."

"Nijaze hii ndoo."

Akainama tena. Alipoinuka, hakuwa na ndoo. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, akaangalia juu, akamwangalia Musau machoni, na ule mkono mwingine akauinua. Hakuita wala hakukohoa. Magoti yakalegea, akaketi ndani ya povu, halafu akaegemea ukuta, kama mtu aliyechoka na kazi.

Musau alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi. Nakuapia, mguu ulienda wenyewe. Na hapo akasikia kichwani mwake ile sauti aliyoikejeli miaka kumi na mitano, akautoa mguu. Kahiga alikuwa amekuja mbio, akamsukuma ashuke yeye. Musau alimkamata mshipi, wakaanguka wote wawili pale kando ya shimo, wakagaagaa.

"Niache! Si mtu anakufa!"

"Aliye juu hashuki!" Musau alipiga nduru. "Aliye juu hashuki! Aliye juu hashuki!"

Alichukua kile chuma chenye ndoano. Mara ya kwanza ilishika ukosi wa shati, kitambaa kikararuka. Mara ya pili ikashika chini ya kwapa, wakavuta watu wanne, akafika nusu akaponyoka. Mara ya tatu wakampata kwa mshipi wa suruali. Lynn, binti mmoja wa maabara ya yadi, alitoka mbio aliposikia kelele, na ndiye aliyesema baadaye kwamba ni dakika tisa. Musau yeye angeapa ni nusu siku. Kwa kamba, ingekuwa pumzi mbili na mvuto mmoja. Musau alilijua hilo kabla hata mwenzake hajaketi chini vizuri, na ndilo lililomfanya alie kwa namna aliyolia, na watu wa yadi wakamhurumia wakidhani ni uchungu tu.

Hospitalini hawakukaa sana. Daktari alimgusa Muoki shingoni, akamwangalia machoni kwa tochi, akaandika.

Baada ya siku tatu alikuja afisa wa usalama kazini, bwana mmoja aitwaye Simeon, mnene, mwenye faili. Aliwakusanya kando ya shimo: Gerishon, Lynn, Kahiga na wenzake wawili, na Musau ambaye hakuwa amelala tangu siku ile. Simeon alitaka kujua kitu gani kiliua mtu mzima kwenye shimo lililo wazi, bila moto, bila jeraha. Lynn alisema ni rahisi kuonyesha kuliko kueleza. Wote walienda nje ya ukuta wa yadi, mahali ambapo moto unaruhusiwa.

Lynn aliweka vipande vya mawe ya chokaa ndani ya ndoo, akamimina asidi kidogo. Mawe yakachemka povu. Aliwasha kijiti cha kiberiti, akakishusha polepole ndani ya ndoo kwa koleo. Kilipopita ukingo tu, kikazimika. Akawasha kingine, nacho kikazimika pale pale. Hakuna kilichoonekana ndani ya ile ndoo isipokuwa mawe na povu.

"Jiwe la chokaa likikutana na asidi linatoa hewa hii," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu. "Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hivyo inakaa chini, inajaa shimo kama maji yanavyojaa beseni. Upepo wa juu hauitoi. Mtu akiinama ndani yake anavuta mara mbili, tatu, basi."

Halafu akachukua chupa yenye shingo nyembamba, akatia vipande vya zinki, akamimina asidi ile ile. Mapovu yakapanda. Akawaambia wasogee nyuma, akaleta kijiti mdomoni mwa chupa. Ilipiga pwaa, na Simeon akaruka nyuma na faili lake.

"Hii ndiyo ya matangi. Zinki, chuma, vikiwa ndani ya asidi vinatoa hii. Si kila metali, shaba ungeiweka hapo ingelala tu. Hii ni nyepesi, inapanda, inakusanyika chini ya mabati. Ndiyo tunakatazia moto."

Musau ndiye aliyeuliza. "Kwa hivyo mshumaa. Angeshuka nao kule shimoni, ungelipuka?"

Lynn alimwangalia Gerishon kabla ya kujibu. "Shimo liko mbali na matangi, na ndani yake kulikuwa na mawe, hakukuwa na chuma," alisema. "Ungezimika tu. Angeona umezimika, angepanda." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa maabara. Hakuna mtu aliniambia wanashuka siku hiyo."

Gerishon aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi safi. "Ngai," alimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Ngai wakwa. Nilimnyang'anya kwa mkono wangu." Alirudia hivyo mara kadhaa. Simeon aliandika.

Halafu Simeon akageuza ukurasa, akamuuliza Musau kwa upole kabisa, "Na kamba? Nyinyi watu wa visima si huwa mnafunga kamba?"

Musau alikuwa na jibu kooni. Lilikuwa jibu fupi. Lakini alimwona Gerishon pale chini, jinsi watu walivyokuwa wakimwangalia, na akajiona yeye ndiye anayeangaliwa hivyo, na Ndila ndiye anayeangalia. Akaogopa. Kuogopa kwake kulikuwa kwingi kuliko siku yoyote ndani ya kisima chochote.

"Alikataa," alisema. "Nilimwambia, akakataa. Akasema futi nane si kitu."

Kahiga aliinua kichwa. Wenzake wawili pia. Wote watatu walikuwepo, wote walisikia, na wote walicheka. Kahiga alimwangalia Musau, Musau akamwangalia yeye, kisha Kahiga akageuka akatazama buti zake. Simeon aliandika, akatikisa kichwa, akasema, "Basi hata mwenyewe alijitakia kidogo." Musau akatia sahihi.

Neno lile lilifika Gatuanyaga kabla ya maiti. Unajua vile watu wako. Matangani wakasema Muoki siku hizi alikuwa amejiona. Mchungaji naye, akizika, akaonya vijana juu ya kiburi na kichwa kigumu, asitaje jina, na kila mtu akaangalia jeneza. Wale wale waliomcheka kwa kujifunga kamba ndani ya tangi la kanisa sasa walimlaumu kwa kukosa kujifunga. Musau alikaa mstari wa mbele kati ya waombolezaji, na watu wakamshika mkono, wakamwambia pole, wewe ulijaribu.

Ndila hakumuuliza kitu siku za mazishi. Alimuuliza wiki ya pili, mchana, akiwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Baba Cindy. Muoki alikataa kamba?"

"Si nilishasema."

"Ulisema kwa wale. Nakuuliza mimi." Hakuinua macho. "Mimi nimemjua yule mtu tangu anibebe mgongoni. Alijifunga kamba akiingia kwa tangi, kwaya nzima ikicheka. Sasa aende Thika, mahali hajui, mshumaa achukuliwe, halafu akatae kamba? Alikataa kwa maneno gani? Nitajie."

Musau alifungua mdomo. Huu mdomo uliokuwa haukosi la kusema, siku hiyo ulikauka. Kuku akapita katikati yao, akapita tena. Ndipo akamwambia. Alimwambia kuhusu pikipiki, na mbuzi wa Krismasi, na kitandani, na jinsi Muoki alivyojipapasa kiuno. Alimwambia kuhusu ule mkono ulioinuliwa. Akamwambia alichosema kwa afisa. Alipomaliza alikuwa ameketi chini, hakumbuki aliketi saa ngapi.

Ndila hakupiga kelele. Aliweka ungo kando, akafunga leso vizuri.

"Kumcheka, ulimcheka," alisema. "Na yeye akacheka. Watu ndivyo walivyo, hiyo ningelia nikamaliza. Na kutoshuka, ulifanya vile alivyokufundisha, hiyo hata mimi nitakutetea mbele ya mtu yeyote. Lakini kumsingizia? Mtu amelala kwa jeneza, hawezi hata kukujibu, Baba Cindy? Ulikuwa umekosa mtu mwingine?"

Musau alisema aliogopa. Alisema aliogopa kumpoteza yeye.

"Aii," alisema Ndila. "Sasa inuka. Twende kwa mama."

Boma la Mwongeli haliko mbali, ni kushuka barabara ya vumbi na kuvuka kijito kikavu. Walimkuta mama ameketi juani nje ya nyumba, anaambua mbaazi kwenye sufuria, na kaburi liko pale pembeni ya shamba, udongo bado mwekundu. Aliwapokea kwa furaha, Ndila akatoa vigoda viwili. Alimuuliza Musau kama anakula siku hizi, akasema amekonda, akamwambia yasimwingie sana moyoni, kwa kuwa yeye alimshauri mwenzake na mwenzake hakusikia.

Ndila alisema, "Mama, mwache aongee."

Musau akaongea. Alisimama, kofia mkononi, akasema yote kama alivyomwambia mkewe, ila mara hii sauti ilikuwa inamkatikia. Mwongeli alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na mbaazi. Vilipoachia, mbaazi zilibaki kwenye mapaja yake, nusu zimeambuliwa. Aliangalia upande wa shamba.

"Kila asubuhi nikiamka," alisema, "kabla hata ya chai, naenda pale. Namgombeza. Namwambia, Muoki, kamba ilikuwa nzito? Ulikuwa unajionyesha kwa nani? Mimi umeniachia nani? Juzi nilimwambia nimemkasirikia, na mpaka nikutane naye sitamsalimia. Nilimwambia hivyo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hata leo asubuhi nimemgombeza."

"Mama, nisamehe," alisema Musau.

"Wewe kesho utaenda Thika, uwaambie wafute, waandike vile ilikuwa. Na Jumapili utasimama kanisani, ukiseme hicho umesema hapa." Alimnyooshea Ndila mkono ainuliwe. "Lakini hayo ni ya kesho. Saa hii nina mtoto wa kuomba msamaha."

Mbaazi zilimwagika alipoinuka, na hakuna aliyeziokota. Wawili hao wakaenda polepole kuelekea kaburini, mama akimwegemea bintiye. Musau alibaki uani amesimama, kofia mkononi, kando ya vigoda vitatu vitupu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi.